Leleshwa Kwenye Uzio: Vichaka vya Kwetu Katika Bustani za Nyumbani

Pita katika mtaa wowote wa Nairobi au Arusha wenye nyumba za bustani, uulize kila mmea ulitoka wapi. Bogenvilia iliyotambaa juu ya lango ni ya Amerika ya Kusini. Lantana, yenye vishada vya maua ya rangi ya chungwa na waridi, ilitoka Amerika ya kitropiki, na duranta yenye vitunda vya manjano ni mzaliwa wa huko huko. Msaiprasi uliopogolewa ukanyooka asili yake ni Meksiko. Hata kayaba, michongoma ambayo wakazi wengi wa nyanda za juu za Kenya wameikuta kwenye maboma ya babu zao, ililetwa kutoka kusini mwa Afrika.

Mimea yetu nayo imesafiri. Hibiscus schizopetalus, hibiskasi ile ambayo ua lake linaning'inia na petali zake zimechanikachanika, ni ya misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji, na leo inapandwa kote kwenye joto duniani. Kimmea kidogo cha milima ya Usambara ambacho Walter von Saint Paul-Illaire alikituma Ujerumani mwaka 1892 kinakaa sasa kwenye madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani. Impatiens walleriana, inayouzwa kila msimu kwenye maduka ya bustani ya nchi za baridi, wataalamu wa karne ya 19 waliiita sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Pentasi, kichaka cha nyanda zetu chenye vishada vya nyota ndogo za waridi, kinapangwa kwenye vitanda vya maua Florida. Watu wa mbali wameiona thamani ya mimea hii, na sisi tunaing'oa ili tupate nafasi ya kupanda duranta.

Hali hii ina historia. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, mwaka 1902, wakajaribu humo mimea ya kila pembe ya dunia. Bustani ya miti ya Nairobi, maarufu kama Arboretum, ilianza mwaka 1907 ili kutafuta miti ya kigeni inayokua haraka, maana reli ilihitaji kuni. Mbegu zilizopatikana kwa wingi zilikuwa za ng'ambo, ujuzi wa kuziotesha ukaandikwa na kufundishwa, na vitalu vya miche vikarithi orodha ile ile. Muuza miche wa kando ya barabara hana kosa. Anaotesha kinachonunuliwa, na mnunuzi huomba alichokiona kwa jirani.

Ushauri wangu kwa mwenye nyumba anayetaka kurudisha mimea ya kwetu ni aanzie kwenye uzio. Kitanda cha maua mbele ya sebule kina wapenzi wake, na kukigusa huleta mzozo nyumbani. Uzio hauna mtetezi. Haumwagiliwi, hautiwi samadi, unakatwa ukishaziba njia, basi. Mmea wa kubembelezwa hufa mahali hapo, lakini vichaka vya nyika zetu ndipo vinapopataka. Isitoshe, uzio ni eneo kubwa kuliko watu wanavyodhani: kiwanja cha futi 50 kwa 100 kina mzunguko wa futi 300, yaani karibu mita 90 za ardhi ambayo ingeweza kuwa makazi ya ndege, nyuki na vipepeo.

Ipo na sababu ya usalama wa mimea yenyewe. Mwaka 1986 vidukari wa msaiprasi waligunduliwa Malawi, na kufikia mwaka 1990 walikuwa wameingia Kenya. Nyuzio ndefu za saiprasi ziligeuka kahawia na kukauka, boma baada ya boma, kwa kuwa kila mtu alikuwa amepanda mti mmoja. Uzio wenye aina tano au sita za vichaka hauwezi kuangushwa na mdudu mmoja.

Na lantana iondoke. Nasema hivi bila kupunguza. Majani yake yana sumu inayoharibu ini la ng'ombe, mbuzi na kondoo, kiasi kwamba ngozi ya mnyama huungua akikaa juani. Ndege hula vitunda vyake vyeusi na kuzisambaza mbegu hadi kwenye kingo za misitu na malisho, na huko huziba ardhi isiote kitu kingine. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limeiorodhesha miongoni mwa viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Kuikata hakutoshi, kwa sababu kisiki chake huchipua tena. Chimba ung'oe shina pamoja na mizizi wakati udongo umelowa, kisha pita kila baada ya mvua ung'oe miche inayoibuka. Usipande chochote cha thamani mahali pale hadi msimu mmoja upite.

Sasa leleshwa. Ukishuka Bonde la Ufa kuelekea Naivasha, au ukikata kwenda Narok, utaona miteremko yenye rangi ya kijivu cha fedha badala ya kijani. Hiyo ndiyo leleshwa, Tarchonanthus camphoratus kwa jina la kitaalamu, kichaka cha mita 2 hadi 6 kinachoota kwenye mawe na majivu ya volkano, ambako udongo ni mwembamba kiasi cha kumkatisha mkulima tamaa. Wageni wengine huiita seji-mwitu kwa sababu ya majani na harufu yake, ingawa kwa ukoo iko karibu zaidi na alizeti kuliko seji.

Chuma jani moja ulitazame. Upande wa juu ni kijani kilichofifia, umekunjamana kidogo kwa wingi wa mishipa. Ugeuze: upande wa chini ni mweupe, umefunikwa na vinyweleo vifupi vilivyoshonana hadi huoni ngozi ya jani. Pitisha ukucha, vinyweleo vitang'oka na kuacha mstari wa kijani. Jani hupumua kupitia vitundu vidogo, na maji hupotelea hapo hapo. Blanketi lile huzuia upepo mkavu usiyanyonye. Sasa lisugue jani kati ya vidole. Harufu ya kafuri itakupanda puani mara moja. Mafuta yale humkinaisha mnyama anayekula majani, ndiyo maana leleshwa hubaki imesimama mahali ambapo ng'ombe wamemaliza kila kitu. Vijana wa Kimaasai huyaweka majani yake kwapani yawaondolee harufu ya jasho, matumizi mazuri yasiyogharimu senti.

Leleshwa ina miti ya kiume na ya kike. Ya kike ndiyo inayotoa mbegu zilizofungwa ndani ya manyoya meupe laini, na msimu wake ukifika kichaka kizima huonekana kimeangukiwa na pamba. Mwenye kutaka pamba hiyo, ambayo ndege huiokota kujengea viota, apande miche mitano au zaidi, kwa kuwa mche mchanga hautambuliki jinsia yake. Panda kwa umbali wa mita moja hadi moja na nusu kwenye mstari. Ukiikata huchipua tangu chini, na hata moto ukipita hurudi. Ila kuni zake huwaka hata zikiwa mbichi, kwa hiyo isipandwe karibu na mahali unapochomea takataka.

Kwa uzio wa kuzuia watu na mifugo hakuna kinachoshinda mtandamboo. Wakikuyu na Wakamba wanauita mukawa, Wamaasai olamuriaki, na vitabu vya mimea vinauandika Carissa spinarum au, kwa jina la zamani, Carissa edulis. Ni kichaka cha majani ya kijani kizito yanayong'aa, chenye miiba iliyonyooka na migumu. Maua yake ni meupe kwa ndani na ya waridi kwa nje, yana harufu tamu, na matunda huanza mekundu yakaishia kuwa meusi ya zambarau, matamu. Mtoto yeyote aliyelelewa mashambani katika nyanda za juu ameyachuma akaenda nayo shuleni ulimi umebadilika rangi.

Lakini hapa sharti nisimame kidogo, maana yupo anayefanana naye, na huyo anaua. Msunguti, Acokanthera schimperi, ni wa familia moja na mtandamboo. Nao una majani magumu yanayong'aa yaliyopangika mawili mawili, utomvu mweupe, maua madogo meupe yenye waridi na harufu nzuri, na matunda yanayoiva rangi ya zambarau. Mara nyingi miti hii miwili huota kwenye kichaka kimoja. Kutokana na magome na mbao za msunguti wawindaji wa Afrika Mashariki wamechemsha sumu ya mishale kwa karne nyingi. Kiini chake ni wabaini, kemikali inayoshika moyo na kuusimamisha. Yuko hata panya mmoja mkubwa wa misitu yetu, mwenye manyoya marefu mgongoni, anayetafuna gome la mti huu na kujipaka mate yenye sumu ili mbwa au chui akimuuma ajute. Watafiti walilithibitisha jambo hilo mwaka 2011.

Alama ya kuwatofautisha ni miiba. Mtandamboo una miiba, msunguti hauna hata mmoja. Tafuta miiba kwenye matawi ya zamani na pia kwenye machipukizi, usiridhike na tawi moja. Muuzaji akikuletea mche usio na mwiba akakwambia ni mtandamboo ambao miiba yake itaota baadaye, mrudishie. Na watoto wafundishwe alama hiyo kabla ya kufundishwa utamu wa tunda.

Seji yenyewe, je? Ile ya jikoni, Salvia officinalis, ni ya nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati. Ile nyekundu ya kwenye mizunguko ya barabara, Salvia splendens, ni ya Brazili. Jenasi ya Salvia ina karibu aina 1,000 duniani, nyingi zikiwa za Amerika ya Kati na ya Kusini, na watu wengi wanaamini kwamba Afrika Mashariki haina yake. Inazo. Salvia nilotica huota kwenye nyasi za nyanda za juu kuanzia Ethiopia kwenda kusini, na Salvia merjamie hufika hadi milima ya Tanzania. Si vichaka virefu. Nilotica hutambaa chini kwa mizizi yake kisha huinua vikonyo vya maua madogo ya zambarau au waridi. Mahali pake ni miguuni pa uzio, mbele ya leleshwa, ambako itaziba udongo usiote magugu.

Ua la salvia linastahili dakika yako moja. Lina chavulio mbili tu, na kwa aina nyingi kila moja imefungwa kwenye bawaba. Nyuki akisukuma kichwa kutafuta nekta iliyo chini kabisa, hugonga mguu wa bawaba, na ncha yenye chavua hushuka ikampaka mgongoni. Chukua kijiti chembamba cha nyasi, ukiingize taratibu mdomoni mwa ua, utaona ncha ikishuka yenyewe. Mtoto ukimwonyesha hilo mara moja hatakanyaga tena mmea huo.

Ndugu wa seji tulionao ni wengi, wote wa familia moja, wote wenye shina la pembe nne na majani ya kunukia. Kivumbasi huota kwenye makorongo na kando ya njia kuanzia pwani hadi bara, na kuweka matawi yake ndani ya nyumba kufukuza mbu ni desturi ya zamani. Ocimum kilimandscharicum, mwonyi kwa Waluhya, umepandwa na kikundi cha wakulima cha Muliru, kando ya msitu wa Kakamega, na kugeuzwa kuwa marhamu ya mafua iitwayo Naturub. Kikundi hicho kilipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa mwaka 2010. Nchini Rwanda kuna umuravumba, Tetradenia riparia, dawa ya kikohozi inayojulikana kila kijiji. Huo ndio nauchagua kwa kuanzia, kwa kuwa hukata tamaa ya maji lakini haukati tamaa ya kuishi: tawi la urefu wa mkono, ukilichomeka ardhini mvua zikianza, huota. Kiangazi hupukutisha majani, kisha hufunika matawi matupu kwa mafungu ya maua meupe au ya zambarau hafifu wakati bustani nyingine zote zimenyamaza. Na yupo Leonotis ocymifolia, mwenye maua ya rangi ya chungwa yaliyolizunguka shina kwa pete, moja juu ya nyingine. Mpande mahali unapopaona kutoka jikoni. Chozi watakuja, dume na jike, waingize midomo yao iliyopinda katika kila mrija mmoja mmoja.

Wenzetu wa California walipitia njia hii mapema. Theodore Payne, mkulima wa bustani aliyezaliwa Uingereza, aliishi Los Angeles akiuza mbegu na miche ya mimea ya asili ya huko wakati majirani zake walitaka waridi na nyasi za Kiingereza. Taasisi yenye jina lake ilianzishwa mwaka 1960 na bado inaotesha miche. Huko seji ndizo malkia wa vichaka: Salvia clevelandii yenye maua ya buluu, Salvia apiana yenye majani meupe. Mvua yao ni ya majira ya baridi, na kiangazi ni kikavu kabisa. Wakulima wa nyumbani waliojaribu kuzihurumia seji hizo kwa kuzimwagilia kila siku wakati wa joto waliziua, kwa sababu udongo wenye joto na maji ni makao ya kuvu wanaoozesha mizizi.

Kosa hilo hilo ndilo linaloua leleshwa katika viwanja vyetu. Mtu hununua mche, huchimba shimo kubwa, hulijaza samadi, halafu humwaga ndoo ya maji asubuhi na jioni. Mmea uliozoea majivu ya volkano hupokea chakula cha kabichi. Hurefuka haraka kwa tawi laini, huinamia upepo, na baada ya muda mfupi shina huwa jeusi chini.

Chimba shimo lenye upana mara mbili ya mfuko wa mche, kina kisichozidi mfuko. Rudisha udongo ule ule ulioutoa. Samadi, kama ni lazima, iwe ngumi mbili zilizooza vizuri, zitandazwe juu na si kuzikwa. Hili lina uzito zaidi kwa wakazi wa Kitengela, Syokimau, Athi River na kwingine kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule tunaouita wa pamba. Udongo huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na nyufa zake hukata mizizi michanga. Ukichimba shimo ndani yake na kulijaza mchanganyiko laini, umetengeneza beseni: maji ya kiwanja kizima yataingia humo na hayatatoka. Inua tuta la sentimita 30 hadi 40 kwenye mstari wa uzio, changanya kokoto au mchanga wa mto katika udongo wa tuta, panda juu yake. Udongo mwekundu wa Kikuyu na wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro hauhitaji taabu hiyo.

Panda mvua ikishalowesha ardhi vya kutosha, si siku ya wingu la kwanza. Kwa sehemu nyingi za nyanda za juu maana yake ni Aprili kwa masika na Novemba kwa vuli. Masika ni bora kama udongo wako haushiki maji; vuli ni bora kwa udongo mzito. Mvua ikikatika, mwaka wa kwanza wote mwagilia mara moja kwa wiki, maji mengi yashuke chini, kisha acha uso ukauke. Maji kidogo ya kila siku hufundisha mizizi kubaki juu, na kiangazi cha pili huikuta hapo. Kuanzia mwaka wa pili, leleshwa na mtandamboo uliokwisha shika havihitaji bomba. Umuravumba na kivumbasi vinaweza kuhitaji katika ukame mrefu, navyo vitakuambia kwa kulegea majani asubuhi. Kulegea mchana tu si dalili ya kiu.

Matandazo ya nyasi kavu yasiguse shina. Yakigusa, mchwa hupanda kwa kujificha ndani yake, na mche mchanga wa mtandamboo huweza kutafunwa gome kuuzunguka kabla hujagundua. Acha kiganja kimoja cha ardhi tupu kila upande.

Mbegu zina tabia tofauti. Za kivumbasi na mwonyi ni ndogo sana: zinyunyizwe juu ya udongo laini, zisifukiwe, maana hutaka mwanga. Za mtandamboo zioteshwe mbichi mara baada ya kuosha nyama ya tunda. Mche wake hauna haraka, na miaka miwili ya mwanzo utaudharau. Ukifika goti ukate ncha ili utoe matawi tangu chini, kwa sababu uzio wenye miguu mitupu haumzuii hata kuku. Umbali wa nusu mita kati ya mche na mche unatosha.

Kuna kichaka kimoja ambacho watu hukipanda kwa uzuri kisha wakalalamika kwamba kinaliwa. Senna didymobotrya, senetwet kwa Wakalenjin, ambao kwa mkaa wake husugua kibuyu cha maziwa ya mursik, husimamisha mishumaa ya maua ya manjano yenye vichwa vyeusi. Mbegu zake zina ganda gumu, zilowekwe usiku mmoja kwenye maji yaliyochemshwa kabla ya kuoteshwa. Chunguza majani machanga: utaona vijiyai vyeupe vyembamba vilivyosimama wima, kimoja kimoja. Baada ya siku chache viwavi wa kijani wenye mstari mweusi ubavuni wataanza kula, na tawi zima linaweza kubaki mifupa. Usipulizie dawa. Viwavi hao watakuwa Catopsilia florella, kipepeo mweupe anayehama kwa makundi makubwa barani Afrika, na senna huchipua upya bila taabu. Duranta, ambayo wadudu wetu wengi hawaili, hulisha makinda wachache, kwa kuwa ndege wengi, hata wala mbegu, hulisha makinda yao viwavi. Sumu ya senna humdhuru mtu au mnyama anayeyala majani na maganda, kwa hiyo isikae karibu na zizi la mbuzi.

Pwani ni habari nyingine, na joto lake lenye unyevu haliifai leleshwa. Huko panda mkwamba, ambao vitunda vyake vyeupe huleta ndege kutoka mitaa ya mbali, na mhina, ambao huota wenyewe kando ya mito ya sehemu kavu za Kenya na hupogoleka vizuri. Hibiskasi ile ya petali zilizochanika irudishwe nyumbani kwao Mombasa, Tanga na Dar es Salaam.

Swali ninaloulizwa kila mara ni mahali pa kupata miche. Si porini. Mche uliong'olewa porini mara nyingi hufa, kwa kuwa mzizi wake mkuu hukatika, na pori linapungukiwa. Huko California seji nyeupe imekatwa porini kwa magunia ili iuzwe mafungu ya ubani. Sisi tuna mfano wetu mchungu zaidi, msandali wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, uliong'olewa na mizizi kwa ajili ya mafuta ya manukato hadi Kenya ikapiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 ukaingizwa kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe vya porini, pamoja na ule wa nchi jirani. Ukiuziwa mche wa msandali wa kuchimbuliwa, kataa. Tena hautaishi peke yake, maana mizizi yake hunyonya mizizi ya mimea mingine.

Njia halali ni mbegu na vipandikizi. Omba kwa mwenye shamba, chukua sehemu ndogo tu ya mbegu za kichaka kimoja, na uchukue kwa vichaka kadhaa ili uzio wako usiwe wa nasaba moja. Taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, KEFRI, ina kituo cha mbegu Muguga. Muuza miche wako wa barabarani naye aulizwe mtandamboo na leleshwa kwa kusisitiza. Watu kumi wakimuuliza, msimu ujao atakuwa nazo. Kabla ya kupanda usichokifahamu, bana tawi lenye majani na maua kati ya magazeti hadi likauke, ulipeleke kwenye hebaria ya Makumbusho ya Taifa Nairobi au ile ya taifa Arusha. Kwa atakayependa kujisomea, kitabu cha Henk Beentje cha miti na vichaka vya Kenya, kilichotolewa na Makumbusho hayo mwaka 1994, kina majina ya lugha zetu nyingi pembeni ya yale ya kitaalamu.

Kupogoa ni mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi, wiki mbili tatu kabla ya mvua. Leonotisi na umuravumba vikatwe hadi kimo cha goti baada ya maua kuisha. Leleshwa ipunguzwe theluthi moja, zaidi juu kuliko chini, ili mwanga ufike kwenye matawi ya miguuni. Mtandamboo upogolewe baada ya matunda kuliwa, na kwa glovu za ngozi. Kabla ya kuanza, tembea kando ya uzio mzima ukitazama ndani: pakiwa na kiota chenye mayai au makinda, ruka mita mbili kila upande, urudi mwezi unaofuata.